Natafuta Yowe Moja

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari jipya. La zamani limeliwa na panya, tena kurasa zenye sifa zangu tu. Panya wa Bulgaria wana akili.

Leo nimetukanwa. Na damu yangu mwenyewe! Nedyalka, binti wa marehemu dada yangu, ndiye mwenye funguo za Nyumba ya Kusomea hapa kijijini: vitabu, ukumbi, jiko la kuni, kila kitu. Kanikuta pale mlangoni nafuta vumbi kwenye picha yangu. Picha ya mwaka 1966! Mimi, jeneza, meno. Watu wa filamu walikuja kupiga filamu ya mnyonya damu hapa kwetu. Mwigizaji wao mkubwa akashikwa na kiuno. Wakatafuta mtu wa kutoka kaburini badala yake. Walinitazama mara moja tu. Hata rangi hawakunipaka nyingi. Sekunde kumi na moja nzima! Mgongo wangu, kisogo changu, mkono wangu wa kulia. Siku ilipoonyeshwa, watu mia mbili walipiga mayowe na wawili wakazimia.

Nedyalka kasema, Mjomba, ukuta unapakwa rangi upya, patabaki nafasi ya picha moja. Na Zahari naye anaitaka.

Zahari! Mpeleka barua mstaafu, jirani yangu, miguu kama koleo. Miaka mitatu baada ya filamu yangu wale watu walirudi wakatengeneza nyingine ya kuchekesha, ya kuikejeli ile yangu. Zahari akapewa mtumishi mwoga anayejificha ndani ya pipa la kabichi ya chumvi. Hiyo nayo ni kazi ya sanaa?

Nedyalka kaamua hivi. Jumamosi inaonyeshwa yangu. Jumapili ya Zahari. Yangu ni ya kutisha, watu wapige mayowe. Yake ni ya kuchekesha, watu wacheke. Atakayetikisa ukumbi zaidi, ukuta ni wake.

Sikulala mchana kwa hasira. Ile picha si picha tu. Yowe la kwanza siku ile lilikuwa la Raina. Alikaa kushoto kwa Zahari, kulia kwangu. Alikuwa hajawahi hata kunisalimia. Nilipotoka kaburini kule kwenye skrini alipiga yowe akaukamata mkono wangu huu huu ninaoandikia. Hakuuachia miaka hamsini na moja, mpaka alipofariki. Nataka kulisikia tena. Si lake, najua. Lolote. Yowe moja tu ukumbini kwa ajili yangu, kisha watundike wanachotaka.

Hapana. Nifute hapo. Watundike mimi.

Jumanne, 8 Oktoba

Meno! Bila meno hakuna mnyonya damu. Mwaka ule yalikuwa ya nta ya mshumaa. Sasa hata yangu ya kawaida yanaishi kwenye glasi. Nimechonga ya viazi. Yamekuwa meusi kabla sijamaliza kuyachonga. Ndipo akili ikaja, kama kawaida yangu. Kitunguu saumu! Punje mbili ndefu, nyeupe, zimepinda zenyewe. Nikazipachika. Nikajitazama kwenye kioo. Nilijiogopa.

Jaribio la kwanza: Stoilka, dada mkubwa wa Raina. Miaka themanini na minne, anaishi ng'ambo ya kinjia. Alikuwa nje anachoma pilipili hoho kwenye bati kwa ajili ya majira ya baridi. Nikajificha nyuma ya mplamu wake. Nikaruka! Nikanguruma!

Hakutikisika. Kasema, Shemeji, kama una nguvu za kurukaruka, hebu zigeuze hizo upande wa pili, zinaungua.

Kisha akanusa. Akanusa tena. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti tangu azaliwe hajaona mnyonya damu mwenye meno ya kitunguu saumu, wakati sisi hukitundika mlangoni ili wao wakimbie. Nimemwambia hiyo ndiyo tofauti yangu na wengine, mimi sikimbii.

Nimegeuza pilipili mpaka jioni. Kanipa chupa moja ya hizo pilipili.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimegundua kilichopungua. Paka! Kila mtu anajua maiti ikirukwa na paka huamka mnyonya damu. Ndiyo maana tunakesha na wafu wetu. Mwaka 1966 paka wa mama alikuwa ananiruka kila siku. Ndiyo maana nilitisha vile. Sasa hakuna anayeniruka.

Nimeazima paka wa Stoilka. Nikalala sakafuni jikoni, mikono kifuani. Paka upande huu, soseji upande ule. Akazunguka kwa miguu. Nikaweka viti kumzuia. Akapita chini ya viti. Nikaweka mbao. Akapanda tumboni kwangu, akajikunja, akalala.

Saa mbili nzima! Sikutaka kumwamsha, anaweza kuruka kwa hasira akaharibu dawa. Mgongo umekufa ganzi. Zahari akapita dirishani, akachungulia. Kauliza kama nimeanguka. Nimemjibu niko kazini.

Jioni dukani wote wanajua kwamba mnyama mkali amemwangusha Trendafil, yaani mimi, na anamlinda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Zahari kaleta pipa mbele ya duka. Pipa halisi! Kaingia, katoa kichwa, kapaza sauti ya mtumishi wake, kaanguka nalo, kabingirika mpaka kwenye benchi la wazee. Watu wamekufa kwa kicheko. Mwenye duka alishika nguzo. Mimi sikucheka. Nilikohoa kwa muda mrefu.

Nikawauliza hapohapo, kwa hiyo nyinyi Jumamosi hamtaogopa? Mwenye duka kasema, Mzee Trendafil, usikasirike, lakini mnyonya damu wa siku hizi anaogopesha nini? Tunaogopa daktari, tunaogopa theluji kuziba barabara, tunaogopa kuni kuisha mwezi wa pili. Wafu ni wengi kuliko sisi hapa kijijini. Tumewazoea.

Nimewakumbusha kwamba mwaka 1966 watano walizimia. Zahari kasema jana walikuwa wawili. Nimemwambia watatu walizimia nje, yeye hakuwaona, alikuwa amefumba macho.

Lakini nilipokuwa naondoka nimeona kitu. Pale kwenye mti mbele ya duka kuna matangazo ya vifo, kama kila kijiji: ukingo mweusi, picha, jina. Kuna jipya la mtu wa kijiji cha pili. Na kila anayepita anasimama. Anavua kofia. Rangi inamtoka. Kwa pumzi moja anatafuta ni nani, asije akawa mtu wake.

Hiyo hapo! Hofu! Imebandikwa mtini miaka yote na hakuna aliyeitumia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepanda basi la asubuhi mpaka mjini. Duka la majeneza na mashada. Nimemwambia yule mama nataka matangazo ya filamu. Kasema yeye hana karatasi ya filamu, ana ya aina moja tu. Nimemwambia hiyohiyo, na asiufute ukingo mweusi. Juu kabisa pana maneno yaliyokwisha kuchapwa: Kwa huzuni kubwa tunawajulisha. Nikasema yaache, huzuni na hofu wanaishi nyumba moja. Picha nimempa ile ya kitambulisho. Mengine nimetunga mwenyewe bila kusaidiwa na mtu:

TRENDAFIL
Atatoka jenezani Jumamosi saa kumi na moja jioni
Nyumba ya Kusomea
Wenye moyo dhaifu wakae nyuma

Yule mama kasoma mara mbili. Kaniuliza kama familia inajua. Nimemwambia itakuwa mshangao.

Ishirini! Nimebandika mtini, kituo cha basi, kisimani, mlango wa duka, na moja kwenye lango la Zahari kwa makusudi. Giza lilikuwa linaingia, hakuna aliyeniona.

Mpango ni huu. Jeneza la filamu bado liko nyuma ya jukwaa, Nedyalka anawekea mapambo ya Krismasi. Kesho nitaingia humo mapema. Watu wakikaa, kabla ya filamu kuanza, nitainuka. Mbele yao! Uso wa unga, meno ya kitunguu! Nedyalka hatakuwepo kuniharibia, anakwenda mjini kuchukua projekta.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika Jumapili asubuhi. Jana mkono haukushika kalamu.

Nilitoka nyumbani alfajiri. Nikaondoa mapambo, nikalisukuma jeneza mpaka katikati ya jukwaa, nikajipaka unga, nikavaa suti ya harusi, nikaingia. Nikalala usingizi mzuri sana. Jeneza limetengenezwa vizuri, hata kiuno hakikuuma.

Nimeamshwa na viatu. Viatu vingi! Nikachungulia kwa jicho moja. Ukumbi umejaa. Hata wa kijiji cha pili wamekuja. Nikajisemea, Trendafil, hata mwaka 1966 hawakuja hivi.

Halafu nikanusa. Mishumaa. Ngano ya kuchemsha na sukari. Mkate wa moto.

Wamekuja na maua. Nikahesabu ya yule wa karibu. Manne. Yule mwingine mawili. Hapa kwetu maua ya mtu aliye hai hayawi mawili wala manne, hayo ni ya maiti. Ndipo nikaelewa kwamba kijijini hakuna anayesoma tangazo la kifo zaidi ya picha na saa. Yote husema maneno yaleyale, ya nini kujichosha? Walibisha nyumbani, sikuitika. Tangazo likasema ukumbini, wakaja ukumbini.

Mtu mwenye akili ndogo angeinuka palepale. Mimi nikatulia. Kwanza, watu walikuwa bado wanaingia. Pili, nilitaka kidogo kusikia.

Stoilka kaja wa kwanza. Kanibusu paji la uso, kaondoka na unga mdomoni. Kawaambia wenzake, tazameni alivyokuwa na upendo, hata kwenye tangazo lake kawakumbuka wenye moyo dhaifu. Na kweli, wazee wagonjwa wa moyo walikuwa wamekaa nyuma kabisa!

Mwenye duka kasema nilikuwa mbishi lakini mbishi wa kwetu. Mtu mmoja kasema kisogo changu kilikuwa kisogo kizuri kuliko vyote kwenye filamu. Simtaji ni nani, lakini nimemsamehe ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Wakaanza kugawa ile ngano ya matanga, kila mmoja akipokea anasema, Mungu amsamehe, Mungu amsamehe. Njaa iliniuma! Tangu alfajiri nilikuwa sijala chochote isipokuwa jino moja.

Kisha Zahari. Kapanda jukwaani. Kaniwekea kichupa cha rakia, pombe yetu kali ya matunda, mfukoni mwa koti. Kavua kofia. Halafu kasema, nami nanakili kama alivyosema:

"Trendafil, ndugu yangu. Nina kitu kimenikaa hapa kifuani miaka hamsini na nane, na sitaki uende bila kukijua. Lile yowe la Raina... lilikuwa chura. Mimi niliachia chura chini ya benchi. Nilikaa kulia kwake, nikasema akiogopa atanishika mimi. Kakushika wewe. Kijiji kizima kinajua, tukakuficha, maana ulifurahi mno. Nisamehe."

Na watu wote, wote, wakaitikia, Mungu amsamehe.

Chura!

Niliinuka. Si kwa mpango, kwa damu kupanda. Nikakaa wima jenezani, unga unamwagika, jino moja la kitunguu limebaki, nikamnyooshea Zahari mkono uleule wa filamu, nikapiga kelele, MUONGO!

Huo ndio wakati. Mfu ameinuka mbele ya kijiji kizima. Nikangoja yowe.

Halikuja.

Stoilka, mstari wa mbele, kijiko mkononi, kaniambia, "Shemeji, lala kwanza, hatujamaliza kula."

Mtu mmoja akacheka. Kisha benchi. Kisha ukumbi. Jamani! Walicheka mpaka mishumaa ikazimika. Stoilka kadondosha meno ya chini ndani ya ngano. Zahari alikaa pembeni ya jeneza langu, analia, anacheka, ananipiga begani, ananiita mshenzi wewe, mshenzi mkubwa wewe, umenitia uzee wa miaka kumi. Padri kafika amechelewa kutoka kijiji cha tatu, kauliza marehemu yuko wapi. Nikainua mkono. Wakaanza upya.

Nedyalka kaja na projekta kakuta hali hiyo. Kasema, Mjomba, sitauliza. Kawasha filamu. Walicheka filamu nzima. Nilipotoka kaburini kwenye skrini walipiga makofi, wakasema, lala, hatujamaliza kula!

Sekunde kumi na moja. Hakuna aliyezimia.

Jumapili, 13 Oktoba

Filamu ya Zahari. Nimekaa mstari wa mwisho, nimenuna. Sizungumzi naye. Rakia yake nimemaliza, chupa nitarudisha.

Nilijua kitakachotokea. Pipa, kicheko, ukuta kwaheri.

Filamu ikaanza. Harusi ya kijiji, mnyonya damu kaja bila kualikwa. Nilikuwa nimesahau kwamba wageni wote wa ile harusi walikuwa sisi. Kijiji kizima kilivaa nguo nzuri siku tatu, tukalishwa bure.

Zahari kaingia kwenye pipa. Hakuna aliyecheka. Kwa sababu nyuma ya pipa alikuwa amesimama marehemu baba wa mwenye duka, na nywele zote. Mtu kanong'ona, yule baba. Mwingine kanong'ona, Gena huyo, tazama Gena. Kila mmoja anamwonyesha marehemu wake kwa kidole gizani. Pipa linabingirika, mnyonya damu anateleza kwenye kabichi, na ukumbi mzima unavuta makamasi.

Kisha kaja Raina. Miaka ishirini na sita. Amebeba mkate wa bibi harusi. Anatakiwa aogope, mnyonya damu yuko mbele yake na ulimi nje. Anacheka! Ameshindwa kujizuia, anacheka mkate unatikisika, kisha anatazama pembeni, nje ya picha. Mimi nilikuwa pembeni. Nakumbuka. Nilikuwa nashikilia farasi.

Jiko la kuni la ule ukumbi linatoa moshi mbaya sana. Macho yalinitiririka. Nimemwambia Nedyalka lazima bomba lisafishwe.

Taa zikawashwa. Zahari amesimama mbele, kofia mkononi, mashavu yamelowa, anauliza, ilikuwa ya kuchekesha, sivyo? Sivyo, jamani?

Nilikwenda nikamrudishia kichupa chake. Kilikuwa kitupu, alielewa.

Nedyalka katoa hukumu. Kasema mmoja alitakiwa atishe, kawachekesha mpaka mtu kapoteza meno. Mwingine alitakiwa achekeshe, kawaliza wote, padri pia. Hivyo mashindano hayana mshindi. Ila ukumbi ulitikisika Jumamosi. Kabandua tangazo langu la kifo mlangoni pa duka, kalitia kwenye fremu, katundika palepale pa picha ya zamani. Trendafil atatoka jenezani. Kila anayeingia anasimama, anavua kofia kwa mazoea, anasoma, anacheka.

Nimeshinda! Jina ni langu, uso ni wangu, ukingo mweusi wa heshima. Picha ya zamani kanirudishia. Nimeitundika jikoni, inakotazamana na kiti cha Raina.

Lakini yowe sijapata.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekwenda kwa Zahari mapema. Kwa hasira. Nimemwambia anieleze kila kitu kuhusu yule chura. Ukubwa. Rangi. Alimkamata wapi, alimbeba na nini. Kaeleza vizuri, anajua kazi. Tumekwenda wote kisimani na ndoo, ili athibitishe. Vyura wa Oktoba wamelewa usingizi, unawaokota kama viazi. Tumepata tisa. Nedyalka ataonyesha filamu tena mwezi wa Novemba kwa wageni kutoka mjini. Watu wa mjini, viatu vyepesi. Vyura wako kwenye ghala la chini ya nyumba ya Zahari, karibu na kabichi. Hii si suluhu, ni kazi tu.

Wakati wa kurudi nimepita kwa Stoilka. Nilitaka ushahidi. Nimemuuliza waziwazi: Raina alikuwa anaogopa vyura?

Kasema, Raina? Yule aliyekuwa anavuka bwawa miguu mitupu? Yule chura alimwona kabla taa hazijazimwa. Kamwokota, kamtia kwenye mkoba wa barua wa Zahari.

Nikapiga meza! Kwa hiyo si chura! Kwa hiyo ni mimi!

Stoilka kaweka kisu chini. Kasema, Shemeji, wewe ni mtu wa ajabu. Asubuhi ya siku ile Raina alikuwa anasuka nywele hapa kwangu. Kaniambia, dada, leo jioni nitapiga yowe nimshike yule mwenye masikio makubwa, maana nikimngoja yeye aseme neno nitazeekea kwa mama. Alipanga tangu asubuhi. Hata kiti alichagua.

Nimerudi nyumbani. Nimekaa mbele ya picha. Nimefikiri kwa saa nzima, na mimi nikifikiri nafika mwisho wa jambo.

Tangu asubuhi! Filamu ilikuwa jioni. Yaani hajaingia ukumbini, hajaona skrini, hajaona jeneza, na yule msichana aliyekanyaga vyura tayari alikuwa ameshaanza kuniogopa.

Hata mwaka 1966 sikujua kama nilitisha kiasi hicho.

Walizimia tisa.